Makataa, dedilaini, au "mwisho ni Ijumaa"?

Majuzi chama kimoja cha akina mama hapa Nakuru kiliniomba nikitafsirie tangazo la michango lililokuwa limeandikwa kwa Kiingereza. Kazi ya dakika tano. Palipokuwa na dedilaini nikaweka makataa bila kufikiri, maana ndivyo tunavyofanya kila siku kwenye habari: "Makataa ya kutoa mchango ni Ijumaa." Jioni mweka hazina akanipigia. "Mwalimu, kwani tumekosana na nani?"

Alikuwa na haki. Wafasiri wachanga nawaambia kila mara kwamba kabla ya kutafsiri neno waulize nani anamwambia nani. Nami nikateleza papo hapo.

Dedilaini lilianza kama laini ya kweli, ya kuonekana kwa macho: mstari wa mauti. Mwaka 1864, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, jeshi la Kusini lilifungua kambi ya mateka huko Andersonville, jimbo la Georgia. Ndani ya ua wa magogo, kama mita 6 kutoka ukutani, zilipigiliwa fito juu ya vigingi vifupi. Mfungwa akizivuka, au hata akipitisha mkono tu, mlinzi aliyekaa kwenye kibanda cha juu aliruhusiwa kumpiga risasi. Kijito kilikatiza kambi hiyo, na maji yenye nafuu yalikuwa pale kilipoingilia, karibu na fito. Wapo waliouawa wakiinama kuteka. Wafungwa 45,000 hivi walipita hapo, na karibu 13,000 hawakutoka, wengi wao wakiuawa na njaa na maradhi. Henry Wirz, aliyesimamia gereza hilo, alinyongwa Novemba 1865.

Mwanzoni mwa karne ya 20 waandishi wa magazeti wa Marekani walilitoa neno ardhini wakalipeleka kwenye saa: habari ikichelewa kupita hapo, haiingii gazetini. Jeshi lao nalo halikuliacha. Gari bovu linalosubiri mafundi huambiwa limepigwa dedilaini.

Kwetu limelainika kabisa. Mwanafunzi atakwambia amebanwa na dedilaini huku anakula chipsi. Ritani za kodi za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, mwisho wake ni Juni 30, na ukipita kwenye saiba wiki hiyo utakuta foleni imefika mlangoni, watu wakiulizana, "Hawatasongeza dedilaini kweli?" Fito za Andersonville hazikusongezwa kwa ajili ya mtu. Zetu tunazitazamia zisongezwe, ndiyo maana kazi tunaziachia dakika za lala salama. (Makala hii nayo ilikuwa iwe tayari Jumanne.)

Makataa ni neno jingine kabisa. Chama cha wafanyakazi huipa serikali makataa ya siku saba kabla ya mgomo. Wachuuzi hupewa makataa waondoe vibanda kando ya barabara. Makataa hutolewa na mtu, hupewa mtu, na aliyeyatoa ana jambo atakalofanya siku zikiisha. Mimi kipimo changu ni "la sivyo": kama huwezi kuiongeza mwishoni mwa sentensi, usiandike makataa. Sikioni mwangu neno lenyewe lina kukata ndani yake, kama kukata shauri au kukata maneno. Kwa hiyo ndilo lililo karibu zaidi na zile fito, kuliko hata dedilaini yenyewe.

Sasa nimwandikie nini mama mweka hazina? "Tarehe ya mwisho" ni sahihi ila inanuka ofisi. "Siku ya mwisho" nilimsomea kwenye simu, akacheka sana. Nusu ya wanachama wake ni watu wa kanisa, na kwao Siku ya Mwisho ni parapanda na hukumu. Tungerudi kwenye mauti kwa mlango mwingine.

Tulikubaliana hivi: "Mwisho wa kutoa mchango ni Ijumaa jioni. Atakayekwama apige simu mapema." Hiyo sentensi ya pili haikuwa kwenye Kiingereza. Aliiongeza mwenyewe.