Comte hakuwa wa kwanza kuliandika neno "sosholojia"

Wengi tulikaririshwa darasani kwamba mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte ndiye aliyebuni neno "sosholojia", yaani elimu ya jamii. Si hivyo hasa. Padri Sieyès, yule wa Mapinduzi ya Ufaransa, alikuwa ameshaliandika katika karatasi zake karne ya 18, ila hakuzichapisha. Comte alilitangaza mwaka 1839.

Awali alipenda kusema "fizikia ya jamii". Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji, akalitumia jina hilo kwenye kitabu chake cha 1835, na Comte akanung'unika kwenye tanbihi: eti msomi mmoja wa Ubelgiji amelichukua kwa kazi ya takwimu tupu. Hata jina hakumtaja!

Positivizimu, yaani falsafa yake kwamba maarifa ya kweli hutokana na uchunguzi wa kisayansi, nayo haikuchipuka kichwani mwake peke yake. Tangu 1817 alikuwa katibu wa mwanafikra Mfaransa Saint-Simon, aliyekwisha kuhubiri sayansi ya jamii, mpaka walipogombana mwaka 1824.