HTML na JavaScript: kipi kinafanya kazi gani kwenye ukurasa

HTML ni lugha ya kukieleza kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kama Chrome) kila kipande cha maandishi ni kitu gani: hiki ni kichwa, hii ni aya, hiki ni kiungo. Haipigi hesabu wala haiamui chochote. Tuseme unamtengenezea ukurasa mama anayeuza vitenge soko la Kadutu, hapa Bukavu. Ukiandika <h1>Vitenge vya Mama</h1>, kivinjari kinajua hicho ndicho kichwa kikuu. Alama hizo zenye mabano zinaitwa tagi: ya kwanza inafungua, yenye mkwaju inafunga. Ukisahau kufunga, kivinjari hakikulalamikii, kinakisia tu ulichotaka. Ndiyo maana makosa ya HTML hukaa siku nyingi bila kuonekana.

Tim Berners-Lee aliibuni alipokuwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, na maelezo ya kwanza ya tagi zake yalitoka 1991. Aya, vichwa na viungo vya wakati ule bado tunavitumia.

Kujifunza hakudai intaneti. Andika kwa programu yoyote ya maandishi, hifadhi faili kwa jina index.html, ifungue kwa kivinjari. Kwa sisi tunaonunua megabaiti kidogo kidogo, hiyo ni nafuu kubwa. Na tafadhali, mwanzoni weka <html lang="sw">. Vijana wengi wananakili kiolezo chenye "fr" na kukiacha hivyo, kisha programu inayomsomea kipofu kwa sauti inatamka Kiswahili chetu kama Kifaransa.

JavaScript ni lugha ya programu kamili, inayotekelezwa na kivinjari chenyewe. Brendan Eich aliiandika akiwa kampuni ya Netscape mwaka 1995, na licha ya jina lake, si tawi la Java. Kazi yake inaonekana wazi kwenye bei. Kitenge kimewekewa bei ya dola, mteja ana franka mkononi, na kiwango kinabadilika. HTML inaweza kuweka kisanduku cha kiwango cha leo na kitufe, basi. JavaScript ndiyo inayosikia kitufe kimebonyezwa, inasoma namba, inazidisha, na kuandika jibu papo hapo bila kupakia ukurasa upya.

Inawezaje? Kivinjari kikisoma HTML hujenga kwenye kumbukumbu mti wa tagi zote, unaoitwa DOM. JavaScript inagusa mti huo, haigusi faili lako. Kwa hiyo ukipakia ukurasa upya jibu linapotea, na faili liko vilevile.

Hapa pana mtego mmoja unaowachosha wanaoanza. Kilichoandikwa kwenye kisanduku, JavaScript inakipokea kama maandishi. Ukijumlisha vitenge viwili, cha dola 20 na cha dola 5, unapata 205, maana imeyaunganisha tu. Pitisha kila bei kwenye Number(), inayogeuza maandishi kuwa namba, kwanza, utapata 25.

Ushauri wangu ni kwamba jina, bei na namba ya simu ya muuzaji vikae kwenye HTML, na JavaScript iongeze tu kile HTML isichoweza. Mtandao ukidhoofika na faili la JavaScript lisifike, mteja bado ataona bei na ataweza kupiga simu. Faili hilo liite kwa <script src="bei.js" defer></script>. Neno defer linalifanya lisubiri mpaka HTML yote isomwe. Bila hilo, ukiliita juu ya ukurasa, litatafuta kitufe ambacho bado hakijakuwepo.