Usukani ukivuta upande, angalia bushi kabla ya alaimenti

Karakana ya mafunzo ya chuo chetu ilipokea Toyota IST ambayo mwenyewe alikuwa ameshaipeleka alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa mwelekeo wa magurudumu, mara tatu. Kila mara inatoka sawa, na siku chache baadaye tabu inarudi ileile. Akikanyaga breki gari linavuta kushoto, akiachia linarudi. Akipita kwenye rasta anasikia "kok, kok" chini ya miguu. Tairi za mbele zilikuwa zimelika upande wa ndani hadi nyuzi zinachungulia.

Tuliinyanyua, nikampa mwanafunzi mtaimbo aupenyeze kati ya lowa amu na fremu, aukandamize taratibu. Amu ikasogea karibu sentimita nzima, na mpira wa bushi ya nyuma ukaachama kama mdomo. Huenda alaimenti zote tatu zilipimwa vizuri kabisa. Shida ni kwamba gari halikuwa na kitu cha kushikilia vipimo hivyo.

Lowa amu ni ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele kwa chini. Upande wa gurudumu una boli jointi, kiungo cha mviringo kinachoruhusu gurudumu kugeuka, na upande wa fremu, kwa magari madogo mengi tunayoagiza Japani, una bushi mbili. Bushi yenyewe ni mpira ulioshikamana na vibomba viwili vya chuma, kimoja ndani ya kingine. Mpira huo unauruhusu mkono kupanda na kushuka barabarani, lakini unalizuia gurudumu lisiende mbele na nyuma.

Ukichanika, hebu fikiria kinachotokea kwenye breki. Gari zima linasukuma mbele huku tairi likiing'ang'ania lami, kwa hiyo gurudumu linarudi nyuma kidogo. Tairodi endi, ncha ya fimbo inayotoka kwenye usukani kulielekeza gurudumu hilo, haijasogea. Matokeo yake tairi linageuka bila dereva kugusa usukani. Mashine ya alaimenti haiwezi kuliona hilo, kwa sababu inapima gari likiwa limesimama.

Si kila usukani unaoyumba una ugonjwa huu. Anza na upepo wa tairi, ni bure. Kisha gurudumu likiwa juu, lishike kushoto na kulia ulitikise: likicheza, tazama tairodi endi. Lishike juu na chini: likicheza, tazama boli jointi na beringi. Boli jointi iliyolegea naomba msiifanyie subira hata siku moja, kwa sababu ikichomoka gurudumu linalala chini gari likiwa kwenye mwendo. Baadhi ya magari yana bushi zenye majimaji ndani, na hayo ukikuta doa la mafuta kuzunguka bushi ujue mpira umeshapasuka.

Swali tunaloulizwa sana ni kama ubadilishe bushi peke yake au amu nzima. Kama amu imenyooka, haina kutu iliyokula chuma, na boli jointi bado inabana, bushi zinatosha. Kama imepinda kwa kugonga shimo au ukingo wa barabara, au boli jointi nayo imechoka na imeungwa moja kwa moja kwenye amu, nunua amu kamili. Badilisha pande zote mbili. Bushi za kuchonga kwa mpira wa tairi kuukuu naziona sana, na sizikubali: hazikushikamana na chuma, zinazunguka na kulika. Bushi ya mtumba nayo ni mpira uliokwisha kuzeeka.

Bushi itolewe na kuingizwa kwa presi, mashine ya kukandamiza. Nyundo inapindisha ganda lake. Kabla ya kuitoa ya zamani, weka alama kwenye amu kuonyesha matundu ya mpira yameelekea wapi, maana bushi ikiingia imegeuka, ulaini wake unakuwa upande usiotakiwa. Kulainisha njia tumia maji ya sabuni. Oili ya injini na grisi ya kawaida zinaula mpira.

Sasa nifike kwenye kosa linaloua bushi mpya nyingi kuliko matuta na mashimo. Gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia na amu imeinama. Fundi anakaza bolti hapohapo mpaka mwisho. Bolti inapokazwa inakibana kibomba cha ndani kisizunguke tena. Gari linaposhushwa amu inapanda, na mpira unabaki umejinyonga hata likiwa limeegeshwa nyumbani. Kila tuta linaongeza mnyongo juu ya mnyongo, na bushi ambayo ingedumu miaka inachanika ndani ya miezi. Kisha inasingiziwa kuwa feki.

Njia sahihi ni kuzifunga bolti za bushi kwa kulegea, kulishusha gari likae kwa uzito wake, kulitikisa mara mbili tatu ili litulie, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Gereji ikiwa na shimo, kazi ni rahisi. Isipokuwa nalo, gari likiwa juu ya stendi, weka jeki chini ya amu karibu na boli jointi, uinyanyue mpaka gari lianze kuachia stendi, ukaze hapo. Stendi zibaki mahali pake muda wote, maana mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Nati ya boli jointi kama ni ya pini, weka pini mpya.

Alaimenti ndiyo ya mwisho. IST ile ilikwenda kwa mara ya nne, bushi zote nne zikiwa mpya na tairi mbili za mbele zimebadilishwa, gharama ambayo mwenyewe angeiepuka kama mtaimbo ungeingia chini ya gari lake siku ya kwanza. Ukienda kwa fundi wako, mwombe akuonyeshe amu ikisukumwa kwa mtaimbo kabla hujalipia chochote, na kazi ikifanyika uwepo pale anapokaza zile bolti.