Je, wajua kwa nini daktari wa ICU huuliza kama babu alikuwa akienda msikitini mwenyewe?

Tuseme mzee wa miaka 78 kutoka Mji wa Kale amelazwa ICU pale Makadara, kama wengi Mombasa wanavyoiita hospitali kuu ya Pwani. Nimonia imemzidi na mashine ndiyo inayompumulia. Wanawe wana swali moja tu: "Daktari, baba atapona?" Daktari naye anauliza yake. Mwezi jana alikuwa akienda msikitini mwenyewe? Akioga bila kusaidiwa? Ngazi alikuwa akizipanda?

Kuna jamaa hukasirika hapo, wakiona wanazungushwa. Ukweli ni kwamba jibu wanalolitafuta limo ndani ya maswali hayo.

Nimonia kali, au maambukizi yaliyoingia kwenye damu, huweza kuvimbisha mapafu mpaka vifuko vyake vya hewa vivuje na kujaa majimaji. Oksijeni ipo, ila haipiti kuingia kwenye damu. Madaktari huiita hali hii ARDS, na ukali wake una hesabu yake. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Huchukuliwa kipimo cha shinikizo la oksijeni katika damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, kikagawanywa kwa sehemu ya oksijeni anayopewa mgonjwa. Mwenye afya hupata zaidi ya 400. Mzee wetu anapewa hewa yenye oksijeni asilimia 80, yaani 0.8, na shinikizo la oksijeni katika damu yake linasoma 60. Gawanya 60 kwa 0.8, unapata 75. Kwa vigezo vilivyowekwa mwaka 2012, ikifika 100 au chini yake, hali ni mbaya sana. Katika utafiti wa nchi 50 uliochapishwa 2016, asilimia 46 ya wagonjwa wa kiwango hicho walifia hospitalini, na hao hawakuwa wazee peke yao.

Hata hivyo, 75 ya mzee huyu na 75 ya jirani yake wa kitanda cha pili si kitu kimoja. Umri una uzito wake: kifua hukakamaa, misuli ya kupumulia hupungua, figo hazina tena akiba ya kuvumilia msukosuko. Lakini miaka peke yake hupotosha. Yuko mzee wa miaka 82 anayekwenda sokoni Marikiti kila asubuhi na kurudi na kikapu chake, na yuko wa 68 ambaye kuinuka kitini ni mpaka ashikwe mkono. Mimi ningempa wa kwanza matumaini zaidi, na tafiti ziko upande huo.

Ndiyo maana kuna kipimo cha udhaifu wa mwili kilichotungwa Kanada mwaka 2005, ambacho leo kina ngazi 1 hadi 9. Moja ni mtu mkakamavu, tisa ni aliye karibu na mwisho wa maisha. Hakihitaji damu wala picha. Kinahitaji mtu anayemjua mgonjwa. Kinachopimwa ni hali yake kabla ya kuugua, kwani kitandani pale kila mtu ni dhaifu. Huko Ulaya, wagonjwa zaidi ya 5,000 wa ICU wenye miaka 80 na zaidi walifuatiliwa, na kiasi cha thuluthi moja walifariki ndani ya siku 30. Waliokuwa dhaifu tangu nyumbani walifariki kwa wingi zaidi.

Basi semeni kweli. Mkisema baba alikuwa mzima kabisa, kumbe miezi sita hajatoka chumbani, mnamwelekeza daktari pabaya.

Zipo pia siku zenyewe. Figo zinatoa mkojo? Presha inasimama bila dawa? Akilazwa kifudifudi kwa saa 16 hivi, oksijeni inapanda? Mwelekeo wa siku mbili tatu za mwanzo hueleza mengi ambayo vipimo vya siku ya kwanza havikuonyesha.

Na vipimo vyote hivyo huhesabu kundi. Vikisema 60 kati ya 100 hufariki, havisemi baba yenu yuko upande gani. Kwa hiyo muulizeni daktari jambo linalojibika: tunampa matibabu kamili kwa siku ngapi, tunatazama dalili zipi, na lini tunakaa tena kuzungumza?