"Crown" si taji kila mara

Juzi nimemsikia tena mtangazaji akisoma hati ya zamani ya shamba huko Kenya. Alipofika kwenye "Crown land" akasema "ardhi ya taji", kisha akaeleza kuwa ilikuwa mali binafsi ya mfalme wa Uingereza. Kosa hili nimelisikia mara nyingi mno.

Maana ya kawaida haina ugumu: crown ni taji. Waingereza huita hivyo pia utosi, matawi ya juu ya mti, sehemu ya jino iliyo nje ya ufizi na, zamani, sarafu ya shilingi 5.

Neno lenyewe limetoka Kilatini, corona, yaani shada. Dhahabu ilikuja baadaye. Mrumi aliyeokoa maisha ya raia mwenzake vitani alivikwa shada la majani ya mwaloni, na hakuwa mfalme. Taji letu limepita njia nyingine kabisa: tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi. Ndilo hilo lililomo katika jina Taj Mahal. Maneno haya mawili yamekutana kichwani pa mfalme tu. Ukitoka hapo, kila moja lina safari yake.

Na safari ya crown iliingia kwenye sheria. Likiandikwa kwa herufi kubwa, "the Crown" ni dola. Mfalme hufa, dola ikabaki. Kesi ya jinai Uingereza huandikwa R, kifupi cha neno la Kilatini la mfalme au malkia, lakini anayeshtaki ni dola, kama vile Kenya leo inavyoandika Jamhuri dhidi ya fulani. Mali binafsi ya mfalme ipo, mfano majumba na mashamba ya Balmoral na Sandringham, na hiyo haihesabiwi kuwa ya Crown.

Sheria ya ardhi ya Kenya ya mwaka 1915 ilitia ndani ya Crown land hata ardhi walimokuwa wakiishi Waafrika, na dhuluma ile ilikuwa ya dola nzima, wala si ya tajiri mmoja aliyependa mashamba. Ingekuwa mali binafsi, wangeirithi watoto wa mfalme. Baada ya uhuru iliitwa ardhi ya serikali, na mwenye nayo akawa dola mpya.

Mtangazaji yule anasoma vizuri, na hati alizosoma zinastahili kusikika. Pale pa "ardhi ya taji" angesema tu "ardhi ya dola".