Ridi ngumu si cheo

Vijana wa bendi Tabora wanaojiandaa kusomea klarineti chuo kikuu huambizana kwamba unaanza na ridi (kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka na kutoa sauti) namba 3, ukihitimu uwe umefika 4 au 5. Si kweli. Namba hupima ugumu wa ule mwanzi tu, na 3 ya kampuni moja yaweza kuwa laini kuliko 3 ya nyingine. Kinachoamua zaidi ni kipulizio, sehemu ya mdomoni inayofungwa ridi: chenye mwanya mpana kati ya ncha yake na ridi kwa kawaida huhitaji ridi laini, chenye mwanya mwembamba ngumu kiasi.

Jipime hivi: piga noti E ya chini kabisa kwa sauti ndogo mno, kisha vuka kutoka A ya kati hadi B iliyo juu yake bila kung'ata kipulizio. Pumzi ikivuma ndani ya sauti, au noti ikichelewa kutoka, shuka nusu namba. Noti za juu zikilegea, au ridi ikijifunga ukipuliza kwa nguvu, panda nusu.

Ila kiangazi, ukavu wa Tabora hupinda ncha ya ridi, na ridi nzuri huonekana ngumu bure. Ilowanishe dakika moja kwanza, ndipo uihukumu. Tumia ridi nne kwa zamu, na uzihifadhi zikiwa zimelazwa juu ya kioo bapa.