Injini haijui kama Malindi kuna joto: dhana zinazoua pikapu na kusingiziwa kiwanda

Mwezi uliopita pikapu moja ya dizeli ilivutwa kwa kamba kutoka njia ya Marafa hadi gerejini kwangu, hapa mjini Malindi, gaskiti ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) ikiwa imeungua na oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwenyewe alikuwa na hasira, na hasira yake niliielewa, kwa kuwa waranti ilikuwa imekwisha miezi minne tu kabla ya siku hiyo na muuzaji alikuwa amemjibu kwamba gharama zote ni zake. Alisema yale ambayo wenye pikapu wengi huyasema wakifikia hapo, kwamba magari haya hutengenezwa yafe mara tu waranti inapoisha. Nilipofungua mahali pa themostati, vali ndogo inayodhibiti maji ya kupoza injini, nilikuta patupu. Nikamuuliza iko wapi, naye akanijibu bila wasiwasi wowote: "Hiyo niliitoa tangu mwaka wa kwanza, fundi. Nchi yenyewe ina joto lote hili, themostati ya nini?"

Swali hilo nimeulizwa na wanaobeba samaki kutoka Ngomeni, na wanaobeba chumvi ya Gongoni, na wanaobeba mawe ya ujenzi, na kwa masikitiko makubwa zaidi nimeulizwa na mafundi wenzangu. Nalijibu hapa kwa urefu, kwa sababu katika injini za pikapu nilizozifungua baada ya waranti kwisha, hakuna dhana iliyonionyesha uharibifu mwingi kama hii.

Themostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Ndani yake mna nta ambayo huyeyuka na kutanuka maji ya injini yanapofika joto lililokusudiwa, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 90, na kutanuka huko ndiko kunakosukuma vali na kuyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta. Joto la nje la Malindi, hata katika mwezi wa Machi, ni nyuzi thelathini na kidogo. Kutoka hapo hadi joto ambalo injini iliundwa kulifanyia kazi kuna nyuzi kama 50, na injini inatakiwa ivuke pengo hilo haraka kisha ibaki hapo hapo, iwe inapanda kilima na mzigo au inateremka tupu. Ikikosa themostati huenda masafa marefu ikiwa vuguvugu: dizeli haiungui vizuri, sehemu yake hupenya kwenye ringi za pistoni na kuifanya oili kuwa nyepesi, na unyevu ambao ungetoka kama mvuke hubaki ndani ya oili na kuichafua. Katika injini za kisasa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kompyuta husoma kwamba injini bado ni baridi na hivyo huendelea kuongeza dizeli. Baadaye mwenye gari hulalamika kwamba pikapu inakunywa mafuta kupita kiasi, na hilo nalo huandikwa katika orodha ya kasoro za kiwanda.

Hayo ni madhara ya polepole. Kuna jingine ambalo wengi hukataa kuliamini mpaka niwachoree. Katika injini nyingi za pikapu kuna njia ya mkato ambayo maji huipita kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta, na njia hiyo hutumika wakati injini inapopata moto asubuhi. Themostati ikifunguka upande wa rejeta, sahani yake ya nyuma huifunga njia ya mkato. Ukiiondoa themostati, hakuna kitu kilichobaki cha kuifunga njia hiyo, kwa hiyo sehemu ya maji yaliyochemka huzunguka na kurudi kule kule yalikotoka bila kupoa. Gari likiwa tupu kwenye lami ya kwenda Mombasa hutaona lolote. Lipakie mawe, liingize kwenye mchanga wa Langobaya saa nane mchana, ndipo utakapojua kwamba kile ulichokitoa ili injini isichemke ndicho kilichokuwa kikiizuia isichemke.

Ninajua dhana hii ilikotoka. Themostati ikikwama ikiwa imefungwa, injini huchemka, na fundi aliyekwama njiani bila spea huitoa ili gari lifike nyumbani, akafanya vyema. Mshale wa geji hushuka, mwenye gari hufurahi, na dawa ya dharura hugeuka kuwa matibabu ya kudumu. Lakini mshale ulioshuka chini ya kawaida ni dalili ya ugonjwa, na geji yenyewe haistahili kuaminiwa kiasi hicho. Katika magari mengi ya leo mshale umepangwa usimame katikati hata joto likipanda au kushuka kwa nyuzi nyingi, nao ukianza kusogea huwa umechelewa. Tena, maji yakiwa yamevuja yote, kihisio hubaki kikipima hewa, na ndiyo maana wateja huniapia kwamba injini iliungua na geji haikupanda. Husema kweli.

Kinachofuata ni silinda hedi. Katika pikapu nyingi hedi ni ya alumini na bloku ni ya chuma cha kusubu, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Injini inayozidi joto mara kwa mara, kisha ikamwagiwa maji baridi na dereva mwenye haraka, hupinda hedi kidogo kidogo hadi gaskiti ishindwe kuziba. Kazi hiyo huchukua miaka miwili au mitatu kukamilika, yaani takriban muda ule ule wa waranti. Hakuna mtu kiwandani aliyeipangia tarehe.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wateja wangu wa zamani wameuchoka, ni huu: themostati ikishukiwa, itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uitazame ikifunguka. Isipofunguka katika joto lililopigwa chapa juu yake, nunua nyingine yenye joto lile lile, na siku hiyo hiyo badilisha kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilichoandikwa 1.1 (yaani baa 1.1 za presha) hushika presha inayofanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120; kikilegea mpira wake, unachemsha injini kwa nyuzi 100 kama birika, ukidhani rejeta imeziba.

Ndugu ya dhana hiyo ni ile isemayo kwamba kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ni ya kuzuia barafu, kwa hiyo huku kwetu maji yanatosha. Huku kwetu kazi ya kulanti ni kuzuia kutu, kuinua kiwango cha kuchemka na kulinda sili ya pampu ya maji. Na maji yenyewe tunayotia ni yapi? Visima vingi vya mwambao vina chumvi, na chumvi hutoboa alumini. Nimetoa hedi zilizoliwa kingo za matundu ya maji hadi zikawa kama mkate uliotafunwa na panya. Ukichanganya kulanti, ichanganye na maji ya betri (yaliyosafishwa, si asidi), nusu kwa nusu, si na maji ya kisima wala ya bahari, kwa maana nimewahi kuyaona hata hayo.

Sisemi kwamba viwanda havikosei. Vinakosea, na ninawataka wenye pikapu wadai haki yao, ila wadai wakiwa na mikono safi. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilikubali nchini Marekani kumaliza kesi ya chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikiliwa na kutu, kwa kuzikagua na kuzibadilisha zilizooza hadi miaka 12 tangu gari lilipouzwa mara ya kwanza, yaani muda mrefu baada ya waranti ya kawaida. Hapa Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro, na iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Kwa hiyo ni uongo kwamba waranti ikiisha huna pa kusemea. Lakini mhandisi wa muuzaji atakapokuja kuikagua injini, kitu cha kwanza atakachokitafuta ni risiti za sevisi, na cha pili ni themostati. Ukizikosa zote mbili, hata kasoro ya kweli itazikwa pamoja na yako.

Iko hata kasoro moja ambayo sisi wa pwani tunapaswa kuiogopa kuliko watu wa bara. Magari mengi ya chapa mbalimbali duniani, pikapu zikiwamo, yalifungwa mifuko ya hewa (ile inayofumuka mbele ya dereva gari linapogonga) ya kampuni ya Takata, ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi na kulipuka kwa nguvu inayorusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Mwito wa kurudisha magari hayo hauangalii waranti wala idadi ya wamiliki, na mifuko hubadilishwa bure. Chukua namba ya chasisi, iulize kwa wakala wa chapa ya gari lako, wiki hii.

Zilizobaki nazipita upesi. Filta ya dizeli haifufuliwi kwa kupulizwa na kompresa. Upepo huo huchana karatasi, na pampu ya injini ya kisasa inayosukuma dizeli kwa presha ya zaidi ya baa 1,500 haivumilii hata vumbi usiloliona kwa macho. Taa ya maji kwenye dizeli ikiwaka, mwaga maji yaliyo chini ya filta hapo hapo, usisubiri kufika Garsen.

Na oili chafu inayopakwa chini ya chasisi ili kuzuia kutu hulainisha bushi za mpira hadi zivimbe, hukamata mchanga, kisha huoshwa na mvua ya kwanza ikaingia ardhini. Anayebeba samaki na barafu aoshe chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, na azibue matundu ya kutolea maji yaliyo ndani ya reli za chasisi, kwa sababu kutu ya pikapu za hapa huanzia ndani, pale ambapo brashi ya oili haifiki.